Jiko la Kusimama

Watu wakinialika kusema mbele ya wenzangu, huniomba niseme juu ya elimu, au juu ya mwanamke na maendeleo, somo lisilo na mwanzo wala mwisho. Hakuna aliyepata kuniomba niseme juu ya jiko. Nami katika maisha yangu nimepigana vita vimoja tu ambavyo naweza kuvisimulia bila haya na kusema sikurudi nyuma, navyo vilikuwa vya jiko. Leo sikungoja kualikwa.

Ilikuwa Msambweni, katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa nimeolewa huko kutoka Kinondo, mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti kipya na mtoto wa kwanza aliyeanza kutambaa. Chuo kikuu kilikuja baadaye sana, wakati ambapo wanafunzi wenzangu walinipisha mlangoni wakidhani mimi ndiye mhadhiri. Wakati ule elimu yangu ilikuwa ya kiasi tu, na mtu mwenye elimu ya kiasi ndiye mwenye hakika na kila kitu.

Mume wangu alikuwa karani katika ofisi moja kule Kwale. Alirudi kwa basi kila Jumamosi na kuondoka Jumapili, kwa hiyo siku nyingine zote nyumba ilikuwa ya wanawake watatu. Wa kwanza alikuwa mavyaa wangu, mama yake mume wangu, mjane mfupi, mkavu kama samaki ng'onda, aliyejua kumnyamazisha mtu kwa kukaza tu kukuna nazi. Wa pili alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume, aliyeachika na kurudi kwao na vyombo vyake vyote, ulimi ukiwa wa kwanza. Wa tatu mimi.

Jiko letu lilikuwa kibanda nyuma ya nyumba: makuti juu, udongo pande zote, mafiga matatu chini na kigoda mbele yake. Masika ya mwaka ule yaliangusha nusu ya paa na kuulaza ukuta mmoja. Mavyaa akasema litengenezwe. Wifi akasema lijengwe upya. Mimi nikasema lijengwe upya na moto wake uwekwe juu.

“Juu wapi?” mavyaa akauliza.

“Kiunoni, mama. Mtu apike amesimama.”

Alinitazama kana kwamba nimemwambia kuwa kuanzia usiku ule tutalala pia tumesimama.

“Kwani hicho chakula kinakimbia?”

Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza niliisema kwa sauti: mtoto. Mtaani kwetu ilikuwa nadra kukuta nyumba isiyo na mtu mwenye ngozi inayong'aa mkononi au pajani, mahali alipoungua utotoni kwa moto au kwa uji. Wangu alikuwa ameanza kutambaa, na kila alipotambaa alielekea kwenye kitu chekundu. Ya pili sikuisema, ingawa kila mtu aliiona. Mimi ni mrefu. Nikiketi juu ya kigoda magoti yalifika masikioni, na nikisonga sima nilionekana kama panzi anayesali. Kule chuo cha ualimu, katika somo la maarifa ya nyumbani, tulipika tumesimama mbele ya majiko ya mawe yaliyoinuliwa, na kwa mara ya kwanza maishani nilipika nikiwa na umbo la binadamu. Sikutaka kulirudisha.

Mavyaa hakukataa, na hilo lingalipaswa kunitia hofu.

“Jenga,” alisema. “Kujenga si kupika.”

Vijana wa majirani walisimamisha nguzo, wakaezeka, wakala, wakaenda zao. Yaliyobaki yalikuwa ya wanawake, kama ilivyo desturi: kujaza udongo kwenye fito, kukandika, kulainisha. Jiko lenyewe tulilijenga mimi na wifi kwa mawe ya matumbawe na udongo wa kichuguu, refu kama kitanda cha mtoto. Nilipima kimo chake kwa kusimama kando yake na kuweka mkono kiunoni. Wifi alitaka tupime kwa kiuno chake yeye, nikamwambia mpishi ni mimi.

“Na siku ukiugua?”

“Utaleta kigoda, wifi, upande juu yake.”

“Haya. Kumbe kigoda kina kazi bado.”

Kuta zilipokauka zikaja kazi za mwisho, zile ndogondogo ambazo humvimbisha mtu kichwa. Nilipaka chokaa ndani nzima. Wifi alikoroga udongo mwekundu na maji akachora mstari kuzunguka jiko, na juu ya mstari vitone, kama pindo la leso. Alipigilia vigingi ukutani: hiki cha upawa, hiki cha kata ya maji, hiki cha kifumbu cha kukamulia tui. Mimi nilipata mbao za sanduku la chai nikafanya rafu, nikafudikiza vyungu juu yake kuanzia kikubwa hadi kidogo, na juu ya rafu nikabandika kalenda. Mpishi wa kisasa, nilisoma mahali, huijua tarehe. Kalenda ile ilikuwa nyeusi kabla mwezi haujageuka, tukaendelea kupika bila ya tarehe kama zamani.

Ikabaki sakafu. Hapo ndipo cheti changu kiliponiponza.

Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba sakafu ya zamani ya udongo ni makao ya kila mdudu asiyeonekana. Watu wote wa kwetu, sakafu ikichakaa, huleta udongo mpya, huumwaga juu ya ule wa zamani, huupiga na kuusiriba, basi. Mimi nikaamuru wa zamani utolewe kwanza. Tukaleta majembe. Kumbe sakafu ile ilikuwa na umri wa ndoa ya mavyaa, na labda na ya mama mkwe wake pia: majivu juu ya udongo, udongo juu ya majivu, masika baada ya masika. Tulichimba tukitafuta mwisho wake, na tulipoufikia tulikuwa tumesimama shimoni. Jiko tuliliacha pale pale lilipo, tukaziba miguu yake kwa mawe. Udongo wa zamani ukapelekwa migombani. Siku ya pili yake, nikiwa shuleni, akaja seremala akatia mlango, akapima kwa sakafu aliyoikuta, kama ambavyo ningefanya mimi.

Nilirudi alasiri nikajifunga leso, nikachukua mwiko, nikaenda mbele ya jiko langu ili nijaribu. Mafiga yalikuwa yananitazama usoni.

Nilisimama pale na mwiko. Nilikuwa nimepima jiko kwa kiuno changu, kisha nikaiondoa ardhi niliyokuwa nimeikanyaga. Ukingo ulinifika kifuani. Wifi alipokuja kusimama kando yangu ulimfika kidevuni. Mavyaa aliingia wa mwisho. Yeye alilitazama kutoka chini, mkono juu ya macho, kama mtu anayetazama kama nazi zimekomaa.

“Mashallah,” akasema. “Mwalimu ametujengea mimbari. Sasa khatibu ni nani?”

Wifi alicheka mpaka akaketi kwenye udongo. Kabla ya magharibi habari zilikuwa zimefika kisimani, na kesho yake mwanamke mmoja niliyemfundishia watoto wake wawili aliniuliza kwa heshima zote, “Shikamoo mwalimu. Ijumaa hii hotuba itakuwa juu ya nini?” Nikamjibu marahaba, na kwamba itakuwa juu ya kusengenya.

Lingetosha kulipunguza. Wifi alisema hivyo. Mavyaa alisema hivyo pia, tena kwa upole, “Likate kidogo tu, mwanangu,” na upole ule ndio ulioniamsha. Jiko likianza kushuka kwa shibiri moja litashuka la pili, na siku moja ningejikuta nimeketi kigodani nikiwa bado najiambia kwamba napunguza tu. Nikasema jiko halitashuka. Itapanda sakafu.

Tulibeba kifusi kutoka nyumba iliyoanguka karibu na barabara, kila alasiri, kwenye madebe na makarai. Majirani walikuja kusaidia bila kuombwa, kwa sababu walitaka kuwa na mahali pazuri pa kutazamia mwisho wake. Tulipomwaga udongo wa juu wakashika mbao za kupigia sakafu, na kwa kuwa mbao hazipigwi kimya kimya, walitunga wimbo papo hapo:

Mwalimu wetu mrefu, hakuinamia moto,
Ameinua dunia, imfikie mkono.

Niliitikia kibwagizo pamoja nao. Ningefanya nini? Mpigo ulikuwa mzuri.

Sakafu ikapanda. Jiko likarudi kiunoni pangu, mahali pake pa haki. Ila mlango ulikuwa umetiwa kwa kufuata shimo, na sasa ulinifika mabegani. Kila aliyeingia jikoni mwetu aliinama, isipokuwa mavyaa, ambaye alipita wima kama siku zote.

“Sasa msikiti umetimia,” wifi akasema. “Mimbari tunayo, na rukuu ni mlangoni.”

Mavyaa peke yake hakucheka tena. Alikuwa amengojea jiko life kwa kicheko, nalo halikufa. Alasiri moja nilimkuta ameketi nje ya jiko jipya, ungo magotini, anachagua mchele. Wifi hakuwapo. Nikajua nimengojewa.

“Mwanangu,” alisema bila kuinua macho, “wewe kule shuleni wafanya kazi umeketi au umesimama?”

“Nimesimama, mama.”

“Tangu asubuhi?”

“Tangu asubuhi.”

“Na ukirudi wataka kusimama tena.”

Alitupa kokoto moja.

“Mimi nimelima nimeinama. Nimetwanga nimesimama, nimeteka maji nimesimama, nimebeba kuni za mtu na nduguye. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakupata kuniona nimeketi nje mchana bila kuniuliza naumwa na nini. Jikoni tu. Jikoni niliketi, nikanyoosha miguu, na hakuna aliyeniuliza. Mahali pamoja katika nyumba nzima. Ndipo hapo unapotaka kuniinua.”

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile juu ya kazi za wanawake, vingine vizito kuliko kinu, na sijakutana na hoja iliyonishinda kama hiyo. Ilinishinda pale pale. Lakini kushindwa kwa hoja ni jambo moja, na kubomoa jiko ni jingine. Kama kila anayeshindwa kwa hoja angebomoa alichojenga, duniani kusingebaki hata banda la kuku.

“Mama, mtoto ataungua,” nilisema.

“Wangu hawakuungua.”

Sote tulilijua kovu la wifi, kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo cha mkono. Sikulitaja. Nilitazama tu upande wa mlango.

“Lile la wifi yako ni maji ya moto,” alisema kwa ukali. Kisha akasimama na ungo wake. “Namwita ndugu yangu. Akisema libaki, libaki. Akisema lishuke, litashuka siku hiyo hiyo, nawe utaketi.”

Ndugu yake alikuwa mjomba wa mume wangu, aliyekaa Jego, kusini kabisa. Asiyetujua sisi Wadigo huenda asielewe uzito wa jambo hili. Kwetu baba aliweza kuwa na maoni. Mjomba alikuwa na uamuzi. Alikuoza, alikurithisha, alikuita ukaja ukiwa na mvi. Mume wangu, karani mwenye suruali ndefu na kalamu mfukoni, aliwaza mara mbili kabla ya kupiga chafya mbele ya mjomba wake. Kama mjomba angesema lishuke, hapangekuwa na wa kukata rufani kwake.

Ikaletwa habari kwamba atafika Jumamosi. Nikarudia kupaka chokaa mahali palipochafuka. Wifi akalipaka pindo lake rangi mara ya pili. Na Ijumaa mchana nikafanya kazi ya mwisho ya zote: niliyapanga upya mafiga juu ya jiko, nikatia kuni, nikawasha. Moto ule sikuuacha ufe. Niliulisha vifuu vya nazi mpaka asubuhi.

“Najua unachofanya,” wifi alisema akiwa amesimama mlangoni, mwenyewe amekunjika.

Alijua, kwa sababu kila mwanamke wa kwetu alijua. Katika mji ule jiko lililozimika lilikuwa udongo na mawe, ungeweza kulivunja. Linalowaka lilikuwa na mwenyewe. Mtu akiumwagia maji moto wa mwanamke kwa kusudi, alikuwa amemwambia neno ambalo kwa mdomo lingehitaji kadhi na mashahidi. Kwa hiyo hapakuwa na mtu mwenye haki ya kuuzima moto wa mke wa mtu ila yule aliyemwoa, na yeye naye asingeuzima ila kwa maana moja, ya talaka.

“Na mdogo wangu akiuzima?” wifi akauliza.

“Basi nitakuwa nimejua.”

“Wallahi wewe si mzima.”

“Niletee vifuu.”

Mjomba alifika Jumamosi adhuhuri, dakika chache baada ya mume wangu kushuka kwenye basi. Alikuwa mtu mrefu mwenye kanzu nyeupe na sauti ya kuamuru bahari. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, na hakutaka maji wala kupumzika. Alikwenda moja kwa moja jikoni. Wifi alifungua mdomo ili amwonye, kisha, kwa sababu anazozijua yeye, akaufunga.

Mjomba aliinama kidogo tu, na paji lake la uso likagonga boriti ya mlango hadi vyungu vikalia.

“Lahaula! Huu mlango wa kuku?”

Kofia ilikuwa imeanguka nje. Aliinama zaidi, akaingia, kiganja juu ya paji. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mtu wa kimo changu ndani ya jiko lile. Alitazama rafu, akatazama kalenda, akalitazama pindo kwa muda mrefu. Alipolifikia jiko, mkono wake ulikwenda wenyewe ukingoni, ukatulia pale, kama mkono wa mtu aliyefika dukani na kuegemea kaunta. Nikaona kwamba palimfaa. Naye, nadhani, akaona nimeona, akauondoa.

Ulitandikwa mkeka nje. Alikaa katikati, mavyaa kulia kwake. Mume wangu alikaa pembeni kabisa, nusu mkekani na nusu mchangani, akivitazama viatu vyake vya ofisini alivyovivua. Mimi na wifi tulisimama. Sufuria ya wali ilikuwa jikoni juu ya moto.

“Dada, una neno?”

“Langu ulilipata Jego.”

“Na wewe, mwalimu?”

“Mtoto asiungue, mjomba. Na mimi nisipike hali nimekunjwa.”

“Umekunjwa na nani?”

“Na kigoda.”

Wifi alikohoa ndani ya leso yake. Mjomba hakukohoa.

“Nyumba hii ilikuwa na jiko kabla yako,” alisema. “Lilikuwa chini, likalisha watu, watu wakakua, wakaenda kwenu wakakuposa. Halikuwa na kosa. Hili lako nimeliona. Kazi mmeifanya vizuri, sisemi uongo. Lakini mkwe hamwinui mavyaa wake kutoka alipoketi. Lishuke.” Akageuza kichwa. “Jembe liko wapi?”

Hakuna aliyekwenda kulileta. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta mbele ya macho yetu sote. Mimi ndiye niliyesogea, nikaenda nikasimama mbele ya mlango wa jiko. Ningependa kusema nilisimama mlangoni kwa fahari, lakini mlango ulikuwa mfupi, na ushujaa haupendezi ukiwa umeinamisha shingo. Nilisimama nje yake, mgongo ukiuelekea.

“Moto unawaka, mjomba.”

“Uzimwe.”

“Mimi siuzimi. Mama hawezi kuuzima, wala wifi. Na wewe pia, nakuheshimu, huwezi. Aliyenileta nyumba hii yupo hapo. Maji yamo mtungini. Auzime yeye.”

Sauti yangu ilikuwa imara. Sikuwa nikitisha watu. Nilikuwa nimekwisha kuamua tangu Ijumaa: akiumwaga, namchukua mtoto na sanduku langu la nguo, naingia basi la kwenda kwetu, na sitageuka kuomba. Sikuwa na mpango mwingine, wala sikutafuta. Nilimpenda mume wangu. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mgeni ambaye kila siku huulizwa kwa nini magoti yake ni marefu.

Mume wangu aliinuka. Alijipangusa mchanga, akanipita bila kunitazama, akainama, akaingia. Nilisikia kata ikigonga mdomo wa mtungi, kisha ikizama. Hapo nikageuka. Sote tulikuwa tukimtazama kupitia mlango: mjomba amenyoosha shingo, wifi ameng'ata leso, mavyaa ameweka mkono juu ya goti na hausogei.

Aliinua kata ikiwa imejaa. Aliishika hivyo kidogo, mbele ya moto. Kisha akaitia mdomoni akanywa mpaka tone la mwisho. Akateka tena, akanywa tena. Akajifuta mdomo kwa kiganja na kuitundika kata ukutani, kwenye kigingi cha kifumbu.

“Wali unaungua,” akasema.

“Wewe!” mjomba aliita. “Umesikia nilivyosema?”

“Nimesikia, mjomba. Karibu chakula.”

Wali ulikuwa umeungua kweli, chini yake ukoko mweusi. Tuliupakua hivyo hivyo. Mjomba aliutazama, akasema bismillahi, akala mpaka sahani ikaonyesha maua yake. Aliponawa mikono akanihutubia, akilitazama paa.

“Nimekula kwa kuwa nina safari. Sijakubali.”

Hakupata kukubali. Aliishi miaka mingi, alikuja mara nyingi, na kila alipokuja alisema jiko lile lishuke, kisha akala.

Kesho yake nilimsindikiza mume wangu barabarani. Tukingoja basi nikamwuliza alikusudia nini na ile kata.

“Nilikuwa na kiu,” alisema. “Njia ya Kwale ina vumbi.”

Nilimwuliza tena baada ya mwaka, na baada ya miaka kumi, na mara moja alipokuwa mgonjwa na ningeweza kutegemea ukweli. Alikuwa na kiu. Mpaka leo sijui kama niliolewa na mtu shujaa au mtu mwenye koo kavu, na nimeamua kwamba kwa mwenye jiko hakuna tofauti.

Na mavyaa? Jumapili nzima hakusema nami. Jumatatu niliporudi kutoka shuleni nilimkuta nyuma ya jiko, chini ya upenu, upande wa pili wa ukuta. Alikuwa ameyaokota mafiga yake ya zamani tuliyoyatupa kando, ameyapanga chini, ameweka kuni katikati na kigoda mbele. Aliniona, akachukua kigae cha chungu, akanijia.

“Nipe moto.”

“Karibu ndani, mama, uchukue.”

“Niuchukueje na uko juu kama nyota? Nipe.”

Nilimtilia makaa matatu mekundu kwenye kigae. Aliyatazama kana kwamba anatafuta kasoro.

“Usidhani nimekubali.”

“Sikudhani, mama.”

“Kiberiti kimelowa.”

“Najua.”

Lilikuwa jua la kupasua mawe. Alirudi upande wake, akapuliza, akawasha, akaketi, akanyoosha miguu yote miwili. Mtoto alipotambaa kumfuata, alimfunga kifundo cha mguu kwa kipande cha leso kwenye kigoda chake kwa nyuma, mbali na moto, jambo ambalo sidhani aliwahi kuwafanyia wanawe.

Tukapika hivyo tangu siku ile, yeye ameketi, mimi nimesimama, ukuta mmoja kati yetu. Ukuta wa udongo hauzuii kitu.

“Mwalimu! Tui lako limekatika, nalinusa hapa!”

“Kuni zako mbichi, mama! Unatutia moshi mpaka kwa jirani!”

“Jirani hajalalamika!”

“Jirani analia!”

Wifi alikaa katikati, mahali ambapo angeweza kusikia pande zote mbili. Chakula kilipoiva alikula kwa mama yake, kisha akazunguka na sahani yake akala kwangu, na kote kuwili alisema chumvi imepungua.